Nani Analipia Swali la Fundi?

Ukitaka kusikia kelele katika ofisi ya usanifu wa ndani, tupa kipande cha MDF, ile bodi ya unga wa mbao uliogandamizwa. Mwenye ofisi atatoka nje, atakiokota, atakipima kwa macho, atauliza ni nani aliyekikata na kwa nini. Kipande chenyewe kina upana wa kiganja na hakitoshi hata rafu ya viatu, lakini kinaonekana. Wakati huohuo, ndani, mchoraji amemaliza dakika arobaini akitafuta vipimo vya jiko moja la mtaa wa Kiamunyi kwenye jumbe za WhatsApp. Anapanda, anashuka, anafungua picha ya tepu iliyopigwa gizani, anampigia fundi ambaye naye yuko juu ya ngazi na hashiki simu. Hakuna atakayemgombeza, kwa kuwa hakuna kilichoanguka sakafuni.

Mimi ni mtu wa hesabu. Nilitoka kwenye sacco nikaja kushika vitabu vya ofisi ndogo ya usanifu hapa Nakuru: watu wanne wa mshahara, pamoja na mafundi wanaoitwa kazi ikipatikana. Kwenye sacco, shilingi ikikosekana jioni hakuna anayekwenda nyumbani mpaka ionekane. Huku nilikuta daftari safi kabisa. Gundi imeandikwa, bawaba zimeandikwa, mafuta ya gari yameandikwa, hata maziwa ya chai yameandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa upande wa mali, Madam (ndivyo sote tunavyomwita mwenye ofisi) alikuwa amewasikia vizuri. Lakini kazi zilikuwa nyingi, wateja walikuwa wanalipa, na akaunti ilikuwa kavu kila tarehe 25. Mali ilikuwa na daftari. Saa hazikuwa nalo.

Na kazi kweli hazikosi. Tangu Nakuru ipewe hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, ni kama kila mwenye ploti Lanet au Njoro ameamua jiko lazima liwe na kisiwa, ile kaunta ya kusimama peke yake katikati. Kwa hiyo shida ya akaunti kavu haikuwa shida ya soko.

Tuanze na bei ya saa, maana bila bei hiyo mengine yote ni manung'uniko. Chukua mchoraji wa mshahara wa shilingi 40,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 22 za saa nane nane, unapata kama shilingi 227 kwa saa, na hapo ndipo wengi hukomea. Nusu saa imepotea? Mia moja na kitu, bei ya chai na mandazi, songa mbele.

Sasa ongeza yanayofichwa na mshahara. Mwajiri anatoa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, ambayo ni shilingi 600, na asilimia 6 ya NSSF, mfuko wa pensheni, shilingi 2,400. Tumefika 43,000. (Asilimia 2.75 ya bima ya afya inakatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi mwenyewe, usiihesabu mara mbili.) Kwa mwaka hizo ni 516,000. Halafu huyu mtu ana meza, ana kompyuta, anatumia stima na intaneti, anakaa kwenye chumba kinacholipiwa kodi, anachora kwa programu inayolipiwa kwa dola. Tuseme fungu lake la hayo yote ni 16,000 kwa mwezi. Mwaka ukiisha amekugharimu 708,000.

Saa je? Jumatatu hadi Ijumaa kwa mwaka ni siku 260. Toa 21 za likizo, ambazo Sheria ya Ajira ya 2007 inamhakikishia. Toa sikukuu, tuseme kumi na moja. Zinabaki siku 228, yaani saa 1,824. Gawa tena: shilingi 388 kwa saa. Na bado hatujamaliza, kwa kuwa si kila saa ya mchoraji inaingia kwenye kazi ya mteja. Kuna mikutano, kuna kuandaa makadirio ambayo mteja hatarudi kuyachukua, kuna kusubiri. Ikiwa saa sita katika kila kumi ndizo zinazouzwa, basi hizo sita zinabeba mzigo wa kumi, na kila moja inakugharimu karibu shilingi 650. Tulianza na 227. Hizi ni tarakimu za mfano na kila ofisi ina zake, ila sijaona ofisi ambayo ikifanya hesabu hii hadi mwisho inabaki karibu na ile ya kwanza.

Hapa wahasibu wenzangu hugawanyika. Kuna wanaosema saa iliyopotea ihesabiwe kwa gharama, 650. Wengine wanasema ihesabiwe kwa bei ambayo ungeiuza. Mimi nasema inategemea foleni. Kama hakuna kazi inayongoja, mchoraji akitafuta picha ya tepu asubuhi nzima hajakupotezea kitu kikubwa, mshahara wake ungelipwa tu. Kama kuna wateja watatu wanaongoja michoro, saa ile imeliwa kutoka kwenye mfuko wako kwa bei kamili ya kuuzia. Ndiyo maana mvurugo uleule hauumi mwezi wa Januari na unaua mwezi wa Agosti, na mwenye ofisi anabaki akisema, "Lakini tumekuwa tukifanya hivi miaka yote."

Baada ya kupata bei nilianza kutafuta saa zinakokwenda. Sikuwapa watu fomu ya kujaza kila robo saa, maana fomu za namna hiyo hujazwa Ijumaa jioni kwa kubuni. Niliweka daftari moja tu mezani, la maswali. Kila simu au ujumbe wa kuuliza kitu kutoka kwenye mjengo unaandikwa: swali ni nini, nani ameuliza, nani amejibu. Wiki chache zilitosha, picha ikajichora yenyewe.

Jambo la kwanza ni kwamba maswali yalikuwa machache, ila yalikuwa yanarudi. Soketi za juu ya kaunta ziwe kimo gani? Mlango huu unafungukia upande upi? Mishikio ni ya wima au ya kulala? Sketingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, ipakwe rangi ya ukuta au ya mlango? Sinki inanunuliwa na nani? Hilo la sinki ndilo lilikuwa na mizizi mirefu kuliko yote. Fundi wa granaiti hawezi kukata tundu mpaka aione sinki yenyewe au kiolezo chake, kwa kuwa kila sinki ina ukingo wake. Bila tundu kaunta haifungwi. Bila kaunta fundi wa vigae hawezi kupandisha vigae vya ukutani. Fundi wa bomba naye anakuja, anaangalia, anadai nauli, anaondoka. Siku kadhaa za watu wanne zinaning'inia kwenye kitu ambacho mteja alidhani tutakinunua sisi na sisi tulidhani atakinunua yeye.

Jambo la pili lilinishtua zaidi. Karibu kila swali lilijibiwa na mtu mmoja. Swali halikai lilipozaliwa, linapanda ngazi. Kibarua anamuuliza fundi, fundi anampigia mchoraji, mchoraji anasema, "Ngoja nimuulize Madam," na Madam yuko kwenye mkutano na mteja Naivasha. Ofisi nzima ilikuwa inaishi kichwani mwake. Ndipo nikaona kwamba mvurugo haulipiwi kwa saa ya kibarua. Unalipiwa kwa saa ya yule mwenye ujuzi mkubwa kuliko wote, kwa sababu ndiye peke yake anayejua.

Nikupe mfano mmoja, kwa tarakimu za kukadiria. Fundi wa mbao anapiga simu saa nne asubuhi: "Madam, hizi kabati za jikoni zinapanda hadi kwa dari ama tunaacha nafasi?" Hashikwi. Jibu linafika saa nane mchana. Fundi analipwa 1,500 kwa siku, ana vibarua wawili wa 700. Nusu siku yao ni 1,450. Madam alitoka mkutanoni dakika ishirini kujibu na kueleza. Ikiwa saa yake anaiuza 2,500, hiyo ni kama 830, na sijahesabu kwamba mteja wa Naivasha alibaki akiangalia simu yake mwenyewe. Mchoraji alitumia saa moja kurekebisha mchoro na kuutuma upya, 650. Tumekaribia elfu tatu, na fundi wa jipsamu, ambaye hawezi kufunga dari ya upande ule mpaka ajue kabati zinaishia wapi, ameshaahirisha hadi kesho. Jibu lenyewe lilikuwa hili: zinapanda hadi dari, acha milimita 20, zibwe kwa ukanda. Kuliandika kwenye mchoro kungemaliza dakika moja.

Kuna wanaonijibu kwamba wao hawapati hasara hiyo, kwa kuwa mafundi wao ni wa mkataba: kazi nzima kwa bei moja, akingoja anangoja kwa pesa yake. Sikubaliani nao. Fundi wa mkataba akiona anangojeshwa huenda kwenye mjengo mwingine na kurudi Alhamisi, na Alhamisi akirudi huwezi kumuuliza. Kazi ijayo anapokupa bei, ameshakuwekea ndani yake kiwango cha usumbufu wako. Hakwambii. Wewe unasema tu kwamba mafundi wa siku hizi wamekuwa ghali.

Ukitaka kuona kwa nini maswali huongezeka kwa kasi kuliko watu, hesabu njia za mawasiliano. Watu wanne wakiongea kila mmoja na mwenzake, njia ni sita. Jiko moja lina mteja, mume au mke wa mteja, fundi wa mbao, wa stima, wa jipsamu na wa granaiti. Hao ukiwaongeza kwa wanne wa ofisini wanakuwa kumi, na njia zinakuwa 45. Tulimwongeza mtu mmoja mmoja tukidhani kila mmoja anaongeza usumbufu wa mtu mmoja.

Nimesema vipande vya MDF vinagombaniwa bure, lakini si bure kabisa, maana navyo vina chanzo ambacho hakiko kwenye karakana. Bodi ya kawaida ni milimita 2,440 kwa 1,220, zile futi nane kwa nne. Michoro yetu ilikuwa na mazoea ya kabati za milimita 610, futi mbili kamili, na juu ya karatasi inapendeza: 610 mara nne ni 2,440 barabara. Ila msumeno una unene. Kila mkato unakula kama milimita tatu, na vipande vinne kwenye mstari vinahitaji mikato mitatu. Milimita tisa hazipo. Kwa hiyo bodi inatoa vipande vitatu, na kinachobaki ndicho kinachoishia kuwa vile vipande vinavyookotwa na kupigiwa kelele. Vipande vya milimita 600 vinatoka vinne na bado kuna milimita 31 za kupumulia. Rafu 48 za 600 kwa 600 zinatoka kwenye bodi sita. Zifanye 610 kwa 600, zote zikikatwa kwa mwelekeo mmoja, unanunua bodi nane. Fundi wa kukata alikuwa analijua hili siku zote, hakuna aliyemuuliza. Alikuwa anasemwa kwa kuharibu mbao.

Hilo lilirekebishwa kwa siku moja: faili la kuanzia la mchoraji lilibadilishwa na basi. Makosa ya vipimo ni rahisi kwa sababu yanabaki sakafuni yakikungoja.

Sasa nije kwenye hesabu iliyoleta ugomvi wa kweli. Mwaka 1961 Mmarekani aitwaye John Little alichapisha uthibitisho wa kanuni fupi ajabu: idadi ya vitu vilivyo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja hukaa. Inafanya kazi benki, inafanya kazi kliniki, inafanya kazi kwenye foleni ya matatu. Niliipima kwetu. Kazi zilizofunguliwa na hazijakabidhiwa zikiwa kumi na mbili, na ofisi inamaliza mbili kwa mwezi, basi kazi ya kawaida inakaa miezi sita. Huhitaji kumuuliza mtu yeyote kwa nini inachelewa. Hata kila fundi akiwa malaika itakaa miezi sita, mpaka ama umalize nyingi zaidi kwa mwezi au ufungue chache zaidi.

Na kila kazi iliyo wazi ina kodi yake. Ina kikundi chake cha WhatsApp. Ina mteja anayeuliza "tumefika wapi?" Ina funguo, ina mbao zinazolala kwenye chumba chenye unyevu, ina mchoro ambao kila ukiurudia baada ya wiki mbili unaanza kwa kujikumbusha ulikusudia nini. Kazi kumi na mbili zinaleta maswali ya kazi kumi na mbili, na yote yanapanda ngazi ileile kwenda kwa mtu yuleyule.

Kwa nini basi tunafungua nyingi? Kwa sababu ya dipoziti. Tuseme kazi ni ya 400,000, mteja anatoa asilimia 70 mwanzoni na inayobaki siku ya kukabidhiwa. Ile 280,000 inakwenda kwenye bodi, granaiti, mafundi. Faida, kama ipo, imekaa kwenye 120,000 ya mwisho. Lakini mwisho haufiki, kwa kuwa tunangoja sinki. Mishahara inafika. Anatokea mteja mpya, anatoa dipoziti, ofisi inapumua. Pesa za Lanet zinanunua bawaba za Njoro. Mwezi ujao bawaba za Lanet zitanunuliwa na mtu ambaye bado hatujakutana naye. Kazi kumi na mbili zikiwa wazi, shilingi 1,440,000 zimefungiwa nyuma ya mambo madogo madogo ambayo hayajaisha, huku sisi tukitafuta kazi ya kumi na tatu ili tulipe umeme.

Nimeona biashara za watu wengine zikifa kwa njia hii, za ujenzi hasa, na kila mara msiba unaambiwa ni uchumi.

Kuhusu marekebisho ya mteja nitasema kwa ufupi, maana kila msanifu ana hadithi zake na zote zinafanana. Badiliko dogo halina gharama ndogo. Mteja akihamisha jokofu kutoka ukuta mmoja hadi mwingine anabadilisha soketi, kabati ya juu, wakati mwingine bomba, na michoro minne. Tunachofanya sasa ni kuandika: badiliko hili linaongeza siku hizi na shilingi hizi, tuendelee? Wengi wanaposoma wanasema jokofu likae lilipokuwa. Hawakuwa wakorofi, hakuna aliyekuwa amewaambia bei.

Wateja walio ng'ambo wana hesabu yao ya pekee. Tuna wenyeji wa hapa wanaojenga wakiwa Marekani. Sehemu kubwa ya Texas iko nyuma yetu kwa saa nane au tisa, kutegemea msimu. Mtu wa huko akitoka kazini jioni, huku ni usiku wa manane. Ukimtumia swali asubuhi, jibu unalikuta kesho yake. Likija na swali lake, ni kesho kutwa. Jambo ambalo mteja wa Milimani angelimaliza kwa simu ya dakika tano linachukua siku tatu, na hakuna aliyezembea hata kidogo. Kwa hiyo maswali yao yanakusanywa yakawa furushi moja kwa wiki, kila moja likiwa na picha na jibu ambalo tutalifuata asipojibu kufikia siku fulani. Wanalipenda, nadhani kwa sababu nao wamechoka kuamshwa na picha za vigae.

Upande wa kodi kuna mashimo mawili ambayo ofisi za usanifu hutumbukia. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, haikubaliki kupunguza kodi ya mapato, isipokuwa zile ambazo sheria imeziachilia. Kwa kampuni inayolipa asilimia 30, kila shilingi 10,000 iliyotumika hadiwea bila ankara sahihi imezaa kodi ya 3,000 ambayo haikupaswa kulipwa. Na ile ada ya usanifu ambayo mteja aliye kampuni anakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kabla ya kukulipa: kwenye 200,000 ni 10,000, na hiyo ni pesa yako, inapunguza kodi yako ya mwisho wa mwaka, mradi cheti chake kionekane kwenye iTax, tovuti ya kodi. Cheti kisipofuatiliwa umeitoa sadaka. Hayo mawili hayahitaji falsafa, yanahitaji mtu mmoja na Ijumaa asubuhi.

Nikifika hapa watu huniuliza tununue programu gani. Labda yoyote, labda hakuna. Programu ya 5,000 kwa mwezi inahitaji kuokoa kama saa nane za mchoraji ili ijilipe, na hizo ni chache. Tatizo ni kwamba haitaokoa hata moja ikiwa Madam bado ndiye anayejua kimo cha soketi na hajakiandika popote. Utakuwa na swali lilelile, sasa linaulizwa kwenye skrini nzuri. Sisi tulianza na karatasi moja, ukurasa wa kwanza wa kila seti ya michoro: dari, milango, soketi, mishikio, sketingi, rangi, na orodha ya nani ananunua nini na kabla ya siku gani. Inabandikwa kwenye mjengo, ukutani, juu ya usawa wa maji ya kuoshea brashi. Fundi haruhusiwi kuanza kama kuna mstari mtupu. Simu za asubuhi zimepungua sana, na zinazokuja ni maswali mapya, ambayo ndiyo kazi halisi ya msanifu.

Hata hivyo, si kila mwendo wa polepole ni hasara, na hapo ndipo nimetofautiana na baadhi ya waliosoma tarakimu zangu wakachangamka kupita kiasi. Kuna mchana ambapo Madam anaketi na mteja, wanashika vitambaa, wanaongea juu ya mama mkwe atakayelala chumba kile, hakuna kinachoamuliwa. Kwenye daftari langu mchana ule ni mtupu. Lakini ndipo anapogundua kwamba mteja anapika akiwa ameketi kwa sababu ya goti, na kaunta inashuka. Ukiukata mchana huo utalipa baadaye, kwa kaunta mbili. Vilevile chai ya saa nne na mafundi: nilishaombwa niihesabu, nikakataa. Pale ndipo fundi wa kukata aliposema habari ya milimita tisa.

Juu ya idadi ya kazi bado hatujaelewana. Mimi nilisema sita. Madam akasema mimi ni mtu wa sacco, kule mteja hana pa kwenda, lakini katika mtaa huu ukimwambia mtu angoje anavuka barabara na kuingia kwa jirani. Ana haki, na kanuni ya Little haisemi lolote juu ya jirani. Tumekubaliana nane, kwa majaribio, na ya tisa ikija mteja anapewa tarehe ya kuanza. Juzi alikuja mmoja kutoka mtaa wa Section 58, akaambiwa Agosti. Nilidhani tumempoteza. Akauliza kama anaweza kulipa dipoziti leo ili nafasi yake isichukuliwe na mtu. Madam akanitazama. Nikasema ipokelewe, ila ikae kwenye akaunti yake peke yake mpaka Agosti, na isinunue bawaba za mtu mwingine. Mishahara ni wiki ijayo, na hiyo pesa tunaiona pale kila tukifungua simu.